Bambo Ajipa Daraja la Pili

Jina lake halisi lilikuwa limeandikwa kwenye kadi ya hospitali na kwenye barua ya kustaafu. Kwingine kote aliitwa Bambo. Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji kinachochomwa ubavuni mwa gunia kitoke na mbegu za katikati, maana mbegu za mdomoni mwa gunia, kama viti vya sebuleni, huwekwa pale kwa ajili ya wageni. Mtu huyu aliyachoma magunia ya kakao katika ghala moja kwa miaka thelathini na mitatu, na jina la chombo likamhamia kama harufu ya ghala, ule uchachu wa kakao iliyovundikwa, ilivyomhamia. Mkewe alikuwa akiwaambia majirani kwamba aliolewa na mwanamume mzima, akajikuta analala na chupa ya siki.

Kazi yenyewe haikuwa na fahari. Aliokota mbegu mia, akazipanga kwenye ubao wenye vishimo mia, akazipasua moja moja kwa kisu kifupi na kutazama matumbo yake. Mbegu ya kahawia, yenye nyufa ndani, ilikuwa imevundikwa ikaiva. Ya zambarau ilikuwa imeharakishwa. Ya kijivu, ngumu kama kigae, haikuvundikwa kabisa, na mwenye shamba alikuwa ametumaini kwamba hakuna atakayeipasua. Halafu zilikuwapo zenye ukungu, na zenye wapangaji. Mbovu zikiwa tatu kwa mia au pungufu, gunia lilipata daraja la kwanza. Zikizidi hapo, la pili. Zikizidi sana, gunia lilirudi lilikotoka, na Bambo hakuwa mtu wa kupokea maelezo. Kisha kuli mmoja aliweka juu ya gunia bati lililotobolewa herufi, akapitisha brashi ya wino mweusi: pembetatu ya ghala, herufi ya safu, namba ya fungu, daraja. Gunia likishapata alama hiyo, Bambo alisema, ndipo limezaliwa.

Kila karani mpya alilazimika kusikiliza asili ya chokoleti, apende asipende. Mti wenyewe, Bambo alianza, ulitoka ng'ambo ya bahari, kwenye misitu ya mito mikubwa, na watu wa huko walikuwa wakiitumia kakao zaidi ya miaka elfu tano iliyopita, wakati hao wanaojiita mabingwa wa chokoleti leo, babu zao hawajajua hata kuoga. Baadaye mataifa mengine ya upande uleule wa dunia yakaisaga, yakaitia pilipili, yakaimimina kutoka juu, chombo hadi chombo, ipate povu, yakainywa chungu vilevile. Sukari ilitiwa na wageni walioivamia nchi. Maziwa yalikuja juzi tu.

"Lakini hapo hujafika bado kwenye asili," alimalizia, kisu kikiwa juu. "Asili ya chokoleti ni uozo. Mbegu zinatolewa kwenye tunda na utelezi wake, zinalundikwa, zinafunikwa majani. Zinapata joto. Siku ya pili au ya tatu zinakufa. Mbegu isipokufa haina ladha. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Wahenga hawakufika kwenye kakao."

Tunda la kakao lenyewe hakuwahi kuliona, wala mti. Kakao ilimfikia ikiwa imeshakufa na kukauka, naye hakuona sababu ya kuuliza ilivyokuwa ilipokuwa hai.

Ubovu wake mwenyewe ulianzia kwenye ubao wa vishimo. Mwaka wa mwisho wa kazi alipasua mbegu mia, akazitazama, akazifagia, kisha akaagiza mia nyingine za gunia lilelile, akiapa kwamba hajaligusa. Alifanya hivyo mara tatu katika asubuhi moja. Karani aliyekuwa akimwogopa akaanza kumwonea huruma, na hapo ndipo Bambo alipojua kwamba mambo yameharibika. Akastaafishwa miezi saba kabla ya wakati. Daktari alisema ubongo unasinyaa, akamwonyesha picha. Bambo aliichungulia kwa jicho la kazi.

"Kwa mia, ni ngapi?"

"Haihesabiwi hivyo, mzee."

"Basi mnapangaje daraja?"

Daktari akaandika dawa.

Siku nyingi alikuwa na akili zake. Siku nyingine akili zilitangulia kutoka, naye akazifuata. Mara ya kwanza alipatikana kwenye geti la ghala, amesimama kwenye foleni ya makuli. Mara ya pili alikuwa kituo cha mabasi, upande wa pili wa mji. Mara ya tatu zilipita siku mbili, akapatikana kwenye tanuri la matofali, kiatu kimoja mguuni, akiwaeleza wachoma matofali kwamba mzigo wao haujakauka. Ilikuwa kweli, nao walikiri.

Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani, alimshonea jina na anwani ndani ya kola ya koti. Bambo akabadilishana koti na mtu asiyejulikana, akarudi na lililo zuri zaidi. Binti yao wa pekee, mkatisha tiketi za mabasi ya safari ndefu, alimnunulia bangili ya chuma iliyochongwa namba ya simu. Akaivua siku hiyohiyo, akaacha ujumbe kwamba saa hiyo haina mishale.

Kilichomkosesha mama usingizi si kifo. Kifo alikuwa amekizoea kama mgeni aliyetoa taarifa kwamba yuko njiani. Aliogopa mumewe afie mahali asipojulikana, alazwe kwenye jokofu na kikaratasi cha "hatambuliki", kisha azikwe na halmashauri, shimo moja na wengine.

"Nimeishi naye miaka arobaini," alimwambia binti. "Sitaki nifike siku moja nionyeshwe miguu iliyopangwa mstari, niambiwe, mama chagua wako."

"Ndiyo maana nasema tatuu," binti akajibu. Walikuwa mezani, wamemaliza kula.

"Kama jambazi?"

"Kama mtu anayetakiwa nyumbani, mama. Namba ya simu, hapa ndani ya mkono. Koti anavua, bangili anavua. Ngozi ataivulia wapi?"

"Huyu ni baba yako. Huwezi kumwandika kama gunia."

Bambo alikuwa akimenya chungwa, na wote wawili walidhani hayupo mezani. Akainua kichwa.

"Gunia lina kosa gani?"

Mama akaanza kukusanya sahani.

"Miaka thelathini na mitatu, hakuna gunia lenye alama lililopotea. Wamepotea makarani. Amepotea meneja mzima, na gari la kampuni. Gunia, hata moja." Akalirudia chungwa lake. "Niandikeni. Lakini alama nachagua mimi."

Chumba cha mchora tatuu kilikuwa juu ya duka la miwani, mwisho wa ngazi ya chuma iliyotikisika. Ndani mlinuka dawa ya kuoshea vidonda, na kiti cha mteja kilikuwa kiti cha kinyozi kilichostaafu kazi ya kwanza. Mchoraji mwenyewe alikuwa mwanamume mpole, wa makamo, mwenye mikono isiyo na doa.

"Mbona wewe huna?" mama alimuuliza, kabla hata ya kuketi.

"Bado sijapata ninachokipenda, mama."

"Na hao wanaotoka humu, wamekipenda?"

"Siku hiyo, ndiyo."

Akawapa albamu. Mlikuwa na simba, nge, mawaridi, mioyo iliyochomwa mishale, mabawa yasiyo na ndege. Watu wengi, mchoraji alisema, huchagua kwa nusu saa kitu watakachokifafanua kwa miaka thelathini. Bambo alitoa mfukoni lenzi yake ya kazini, akaipitia albamu ukurasa kwa ukurasa.

"Huyu nge, wino umevuja. Huyu simba hajaiva. Hili waridi lina ukungu."

Mchoraji alicheka, kisha akaliangalia waridi tena, akaufunua ukurasa haraka. Aliposikia habari za kakao, alishika penseli akachora tunda refu lenye mifereji, limening'inia kwenye shina.

"Hilo papai," Bambo alisema.

"Ni tunda la kakao, mzee."

"Umewahi kuliona?"

"Hapana. Wewe je?"

"Sijawahi."

"Sasa umejuaje kuwa hili ni papai?"

"Papai nimeliona."

Akainyakua penseli. Mkono uliokuwa ukisahau njia ya chooni haukusahau kitu hapa. Akachora pembetatu iliyonyooka. Ndani yake akaandika K, na 7. Chini yake, mistari miwili.

Binti aliigeuza karatasi huku na huku. "Inasema nini, baba?"

"Inasema nilipopokelewa."

"Nyumba yetu ni namba ishirini na mbili."

"Hiyo ni ya mtu wa posta. Hii ni ya kunirudisha."

"Na nani ataisoma?"

"Kila mtu."

Hakuwa anatania. Katika miaka thelathini na mitatu hakuwa amezungumza na watu wengi wasioweza kusoma alama ile, isipokuwa familia yake, na familia yake hakuwa amezungumza nayo sana.

"Hiyo mistari miwili?" mama akauliza.

"Daraja la pili."

"Mume wangu hana daraja la pili."

"Mbovu zikizidi tatu kwa mia ni la pili, mke wangu. Kanuni haimjui mke."

Mama akageukia dirishani, akawa anasoma bango la duka la miwani ambalo kutoka pale lilionekana kinyume.

Binti alimfuata, akashusha sauti. "Mama, kesho hatakumbuka alichochagua. Tuandike namba, tumalize."

"Kesho ni kesho. Leo ana akili zake, na leo amesema."

"Ameandika ghala, mama! Hajaandika nyumbani!"

"Kaandika anachokijua. Siku zote tunamsikiliza akipiga kelele usiku. Siku akisema kwa utulivu, tumkatalie? Basi tutamsikiliza lini, akishakufa?"

Mashine ikaanza kulia. Mama alivumilia upande mmoja wa pembetatu, kisha akashuka ngazi, akisema anakwenda kutafuta maji ya kunywa, chupa ya maji ikiwa mkononi mwake.

Bambo hakuonyesha kuumia. Alimsomesha mchoraji asili ya chokoleti, tangu misitu ya ng'ambo, pilipili na povu, na mchoraji, ambaye kazi yake ilimzoeza kusikiliza watu wasioweza kuondoka, aliitikia kila ilipobidi. Walipofika kwenye sukari, Bambo alinyamaza. Akautazama mkono wake, ambao sasa ulikuwa na damu na wino.

"Unanifanya nini?"

"Nakuchora, mzee."

"Nani kakutuma?" Akamgeukia binti yake, macho yamemtoka. "Dada, mwambie aniache. Mimi nina watoto."

Mchoraji akazima mashine. Binti akamshika baba yake bega, akamwambia kwamba ni dawa, inamalizika sasa hivi. Neno dawa lilimtuliza, alikuwa amelizoea. Baada ya muda alianza kuhesabu vigae vya sakafuni, kwa sauti ya chini, akikosea na kuanza upya.

"Dada," mchoraji alinong'ona, "nafasi ipo hapa chini. Namba kumi, dakika ishirini. Hatajua."

Karatasi yenye namba ilikuwa kiganjani mwa binti, imelowa jasho. Alijua kwamba hatajua, na hilo ndilo lililomzuia. Na baba yake mwenye akili zake, binti angeweza kugombana mpaka jioni, na pengine angemshinda. Huyu aliyekuwa akihesabu vigae hakuwa na uwezo wa kugombana na mtu, na kumwandika alichokikataa nusu saa iliyopita ilikuwa kama kumpekua mifukoni mtu aliyelala.

"Malizia alichochagua," akasema.

"Haya."

Kwa miezi minne mchoro ule ulikuwa na kazi moja tu: kumfurahisha mwenyewe. Aliwaonyesha wauza mboga. Aliwaonyesha wateja wa mkewe, ambao waliusifia kwa woga. Kisha, Jumatano moja, mama alikuwa akipima mkono wa gauni la mteja, na alipoinua macho kutoka kwenye utepe, mlango ulikuwa wazi.

Walianzia ghalani, kwa kuwa yeyote angeanzia huko. Hakuwapo. Walirudi Alhamisi, wakarudi Ijumaa. Hakuwapo, na hakuna aliyemwona, kwa hiyo ghala likaondolewa kwenye orodha ya mahali pa kutafuta. Kituo cha polisi waliulizwa kama ana alama yoyote mwilini. Binti akaieleza. Askari akaandika: pembetatu, pengine amewahi kufungwa. Hospitalini mama alionyeshwa miguu ya watu wawili, akaitikisia kichwa, akaomba radhi kana kwamba amewakataa wenyewe.

Jumamosi kabla ya adhuhuri, mpakia mizigo wa lori la unga alimkuta mzee ameketi chini ya upenu wa kinu kimoja, mbali kabisa na njia zote walizokuwa wametafuta. Alimsalimia, hakujibiwa. Alimuuliza kwao, akaonyeshwa mkono. Mpakia mizigo huyu alikuwa amefanya kazi ya ukuli katika ghala lile miaka miwili, enzi za ujana wake. Katika mji mzima huenda ndiye peke yake aliyeweza kuusoma mkono ule barabarani, na aliusoma bila kosa: ghala la pembetatu, safu ya K, fungu la saba, daraja la pili. Akampandisha juu ya magunia ya unga, akampeleka mahali hasa mkono uliposema.

Ghala lilikuwa limeshafungwa. Getini alikuwapo mlinzi wa zamu za mwisho wa wiki, mgeni wa mwezi mmoja.

"Jumamosi mchana hatupokei mzigo."

"Huyu si mzigo, kaka. Ni mtu."

"Mtu ndiyo kabisa."

"Alama ni ya kwenu, tazama. Watu wake watakuja."

"Wakija watamkuta."

Mpakia mizigo alikuwa na vituo vitano mbele yake. Alimketisha mzee kwenye kidato cha saruji nje ya ukuta, akampa nusu mkate, akaondoka na dhamiri safi kiasi, na haki alikuwa nayo, maana alifanya kile ambacho mji mzima haukukifanya tangu Jumatano.

Mvua ilinyesha Jumamosi, ikanyesha Jumapili. Mlinzi alimpa mzee gunia tupu ajifunike, na mara mbili alimwita aingie kibandani. Mzee alikataa. Alisema yuko kwenye foleni, na akitoka atapoteza nafasi. Mlinzi hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu wa zamu. Ilipokwisha, alimkabidhi mwenzake funguo, tochi na habari za mzee wa foleni, kwa mpangilio huo. Jumatatu asubuhi yule karani aliyewahi kumwogopa Bambo alifika kazini, akamtambua kwa kichwa tu kilichotokeza kwenye gunia, akapiga simu nyumbani.

Kilikuwa kichomi. Hospitali ilimweka siku tatu, ikampa sindano, kisha ikasema mkamuuguze nyumbani, sentensi ambayo kila mtu huielewa na hakuna anayeomba ifafanuliwe. Aliishi siku nane zaidi, akikohoa na kuwapangia madaraja watu waliokuja kumwona. Alikufa Ijumaa mchana, kitandani mwake, mkewe akimsugua nyayo. Alizikwa kwa jina lake halisi, na baadhi ya majirani walilisikia kwa mara ya kwanza. Halmashauri haikuhusika kwa lolote. Alichokiogopa mama hakikutokea.

Wiki mbili baadaye mama na binti walikuwa wakizitoa nguo zake kabatini, zile za kugawa upande huu, zisizofaa upande ule.

"Mama," binti alisema, "siku ile ulipotoka nje kutafuta maji. Mchoraji aliniambia nafasi ya namba ipo."

Mama aliendelea kukunja shati. "Ukamwambia nini?"

"Amalizie alichochagua baba."

"Kama nilivyosema mimi."

"Ndiyo."

Mama akaliweka shati juu ya mengine, akainyoosha kola kwa vidole viwili, kama inavyonyooshwa kola ya mtu anayetoka kwenda kazini.

"Mimi nilikuwa mke wake," akasema. "Sikuwa na budi kusema vile. Wewe ulikuwa na karatasi mkononi."

"Mama..."

"Ungeandika tu, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Kama angesema kwa hasira, binti angepata pa kushika. Alivuta shati jingine kwenye rundo, akalitandaza kitandani, akaanza kulikunja, mikono kwanza.